Sura ya Nne: Plau Kwanza, Mahubiri Baadaye

Mwaka 1905 Wakipsigis walifikiwa na wageni wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa askari wa Mwingereza, waliopanda hadi Sotik na bunduki za Maxim kuwaadhibu watu kwa kisa cha uvamizi dhidi ya Wamaasai. Waliua, wakachoma maboma, wakaondoka wakiswaga maelfu ya ng'ombe. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya watu zaidi ya 1,800 waliokufa. Oktoba mwaka huohuo, upande wa Nandi, Koitalel arap Samoei alipigwa risasi katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Mgeni wa aina ya pili alikuwa Mmarekani aitwaye Willis Hotchkiss. Yeye alitafuta shamba, akaanza kufundisha watu kufunga ng'ombe kwenye plau.

Anayetaka kuelewa ni kwa nini Bomet na Kericho zimejaa makanisa ya Kiprotestanti, tena ya aina hii na si ile, heri aanze na mwaka huo. Watu waliokuwa wamezika ndugu zao juzi hawakuwa na hamu ya kusikia kwamba Mungu wa mzungu ni mwema. Walikuwa na Asis, Mungu wao, walikuwa na wazee wao, na walikuwa na orgoiyot, kiongozi wa kiroho aliyeombwa ushauri kabla ya vita na kabla ya mambo mazito. Mahubiri matupu yasingefika popote. Kilichofika ni vitu.

Hotchkiss hakuwa mgeni wa Afrika. Aliwahi kuja mwaka 1895 katika kundi la kwanza la Africa Inland Mission (AIM), lile lililoongozwa na Peter Cameron Scott, akakaa Ukambani akishuhudia wenzake wakimalizwa na homa. Scott mwenyewe alifariki Desemba 1896, mwaka mmoja tu baada ya kutia mguu Mombasa. Hotchkiss alinusurika, akarudi kwao Marekani, akazunguka makanisa ya Marafiki, yaani Wakwekeri, akiwashawishi waanzishe misheni ya ufundi. Mwaka 1902 yeye na wenzake wawili, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua Kaimosi, mahali ambapo leo ni kama Makka ya Wakwekeri wa Kenya. Lakini hakutulia. Muda si muda aliwaacha wenzake, akahamia nchi iliyoitwa Lumbwa na Waingereza, jina ambalo Wakipsigis hawakulipenda kamwe. Stesheni ya reli iliyobeba jina hilo sasa ni Kipkelion.

Misheni yake aliiita Lumbwa Industrial Mission. Neno la ufundi halikuwekwa hapo kwa urembo. Hotchkiss aliamini kwamba kanisa linalolishwa kwa michango ya Marekani litakufa siku michango itakapokoma, na kwamba Mkristo mpya lazima awe na shamba, msumeno na mfuko wake mwenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi wake alisoma herufi asubuhi na baadaye akaenda shambani. Wapo wanaolisoma jambo hili kwa jicho la ukali: kwamba misheni za ufundi ziliwaandaa Waafrika kuwa vibarua wazuri wa walowezi. Kuna ukweli ndani yake, na tutauona mbele. Ila kwa Wakipsigis mambo yaligeuka kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga.

Nchi hii ina mito inayoteremka kwa kasi kutoka Mau: Chemosit, Itare, Kipsonoi, Nyangores na vijito visivyohesabika. Mwanamke wa Kipsigis alikuwa akisaga wimbi juu ya jiwe, amepiga magoti, mikono ikisukuma mbele na nyuma hadi kiuno kiwake moto. Kisha vikaja vinu vya maji. Mfereji unachimbwa kutoka juu ya maporomoko, maji yanaangukia gurudumu la mbao, gurudumu linazungusha jiwe, na gunia la mahindi linasagwa mama akiwa amekaa pembeni akizungumza na mwenzake. Vinu hivi vililetwa na wamisionari pamoja na walowezi wachache, mmojawapo Ian Orchardson, aliyeishi miongoni mwa Wakipsigis na kuandika juu yao. Baada ya muda mfupi Wakipsigis wenyewe wakawa ndio wanaovijenga na kuvimiliki, wengine kwa ushirika wa majirani kadhaa waliochanga mbuzi na fedha.

Plau ikapanua mashamba, mahindi yakawa mengi, na kinu kikayageuza kuwa unga unaouzika. Wa kuununua walikuwapo tayari. Mwaka 1919 serikali ilikuwa imetwaa ekari 25,000 za ardhi ya Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza walioumia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maofisa wale walipanda kitani, bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa katika muda wa miaka michache. Ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 ikaingia chai: Brooke Bond kwa upande mmoja, na James Finlay kwa upande mwingine kupitia kampuni yake ya African Highlands. Chai inataka mikono mingi, na mikono hiyo kila wiki ilipewa posho ya unga. Basi unga wa wanafunzi wa misheni ukawa ndio unaolisha makambi ya chai yaliyokaa juu ya ardhi waliyonyang'anywa baba zao.

Sijui kama Hotchkiss aliutazama mzunguko huu wote kwa macho ya huzuni au ya ridhaa. Kitabu chake cha mwaka 1937, kilicholinganisha Kenya ya zamani na ya wakati huo, ni cha mtu anayeona maendeleo kila anapogeuka. Lakini ukiniuliza ni nini kilichovunja ukuta kati ya Wakipsigis na misheni, nitakujibu kuwa ni kinu. Kijana aliyejua kutengeneza gurudumu alikuwa na la kuwaambia wazee, hata kama hakuwa na umri wa kusimama mbele yao. Na kijana huyo mara nyingi ndiye aliyekuwa akijua kusoma.

Wakati huohuo misheni nyingine ilikuwa imeingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1924 Africa Inland Mission, ileile iliyomleta Hotchkiss mara ya kwanza, ilifungua kituo Litein, katika nchi ya Bureti. Wamisionari wa Kiprotestanti wa enzi hizo hawakupenda kugongana. Walikuwa na desturi ya kugawana nchi: hapa wewe, pale mimi, na aliyetangulia kufika haingiliwi. Utaratibu huo ulipata nguvu katika mikutano ya Kikuyu ya 1913 na 1918. Mtu wa kawaida hakuulizwa. Alizaliwa upande mmoja wa kilima akawa wa dhehebu hili. Shangazi yake aliyeolewa ng'ambo akawa wa dhehebu lile. Hadi leo ukitoka Litein kuelekea Bomet, mabango ya Africa Inland Church (AIC), kanisa lililotokana na AIM, yanapungua kidogo kidogo na ya AGC yanaongezeka, na msafiri asiyejua historia anaweza kudhani kwamba watu walikaa wakachagua.

Hiyo AGC, yaani Africa Gospel Church, ndiyo mtoto wa kazi ya Hotchkiss, ingawa alilelewa na wengine. Alipozeeka, katika miaka ya 1930, kazi ilichukuliwa na chama kingine cha Marekani kiitwacho National Holiness Missionary Society. Kilianzishwa mwaka 1910 na wafuasi wa mafundisho ya utakatifu ya John Wesley, kikaanzia kazi China, na mwaka 1954 kikabadilisha jina kuwa World Gospel Mission. Kwa hiyo mche uliopandwa na Mkwekeri ulikuja kukuzwa na Wawesley. Mkwekeri habatizi kwa maji kabisa, anasema ubatizo ni wa Roho. Waliomfuata walibatiza. Waumini wa kawaida walipokea badiliko hilo bila mgogoro mkubwa, maana kwao jambo la msingi lilikuwa jingine: je, umeacha pombe? Je, una mke mmoja? Je, unasoma? Tazama pia orodha ya majina katika shule yoyote ya Bomet. Wesley wamejaa, na sioni kama hilo ni bahati tu.

Maswali hayo matatu yalikuwa na bei. Pombe ya wimbi haikuwa starehe peke yake, ilikuwa njia ya kukaa na wazee, kulipa kazi ya shamba, kumaliza ugomvi. Aliyeikataa alijitoa kwenye baraza. Mwanamume mwenye wake watatu alikaribishwa kusikiliza mahubiri ila hakubatizwa, na wake zake walibaki katika hali isiyoeleweka. Ndiyo maana waumini wa mwanzo walikuwa vijana wasiooa, na wanawake. Lililo gumu kuliko yote lilikuwa jando. Mwaka 1929 mgogoro wa tohara ya wasichana ulizigawanya misheni na watu katika Kenya ya Kati, na AIM ilikuwa katikati ya moto huo. Miongoni mwa Wakipsigis hapakuzuka makanisa ya kujitenga kama kule kwa Wakikuyu, ila mvutano ulikuwapo nyumba kwa nyumba: binti wa familia ya kanisa asiyepitia jando, ataolewa na nani?

Kwa wavulana jibu lilipatikana baada ya muda, nalo ni la kuvutia. Kanisa halikulifuta jando, lililichukua. Siku hizi, Desemba shule zinapofungwa, makanisa ya AGC na AIC huandaa tohara ya Kikristo. Kijana hutahiriwa na mhudumu wa afya, kisha hukaa faraghani pamoja na wenzake wiki kadhaa, wakifundishwa na motirenik, walezi wa jando, ambao mara hii ni wazee wa kanisa au walimu. Wanafundishwa heshima, wanafundishwa Biblia, wanaonywa juu ya dawa za kulevya na wasichana. Siku ya kutoka, ua wa nyumbani unajaa magari, mursik, maziwa ya mgando, inamiminwa kutoka kwenye vibuyu, na mchungaji anaombea chakula. Mzee wa mwaka 1905 angetambua nusu ya mambo anayoyaona. Kwa wasichana vita havijaisha, na kanisa linalojisifu kwa hili lijue kwamba kisu bado kinatumika kwa siri hata katika nyumba zenye kalenda ya dhehebu ukutani.

Serikali nayo ilikuwa na shughuli zake. Viongozi wa ukoo wa Talai, walikotoka orgoiik (wingi wa orgoiyot), walihamishwa mapema, na mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa wote. Watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye joto na mbung'o, wazee kwa watoto. Misheni hazikutunga sheria hiyo. Lakini mshindani mkuu wa mchungaji katika kuombewa, kubariki na kutabiri aliondolewa kwa lori la serikali, na mwandishi wa historia ya kanisa anayeruka jambo hili anawapunja wasomaji wake.

Kitu cha tatu, baada ya plau na kinu, kilikuwa sindano. Mwaka 1937 wauguzi wa misheni walianza zahanati Tenwek, nje kidogo ya mji wa Bomet wa leo. Kwa zaidi ya miaka ishirini hapakuwa na daktari wa kudumu. Wauguzi walizalisha, walifunga vidonda, na wagonjwa waliowashinda waliwapeleka mbali kwa barabara ya matope. Daktari wa kwanza, Ernest Steury, aliwasili mwaka 1959, akabeba kazi peke yake kwa takriban miaka kumi. Umeme ulikuwa wa jenereta ya dizeli, ghali na wa wasiwasi. Kisha mtu akatazama maporomoko ya Nyangores, yaliyokuwa yakinguruma hapo chini miaka yote, na mwaka 1987 mtambo wa kuzalisha umeme kwa maji ukaanza kuendesha hospitali. Ukikaa ukafikiri, ni kinu kilekile cha Hotchkiss, ila sasa kinawasha taa za chumba cha upasuaji. Tenwek leo ina vitanda zaidi ya 300 na inafundisha wapasuaji, hata wa moyo. Wagonjwa hutoka Narok, Kisii, na mbali zaidi.

Lugha pia ilifanya kazi yake. Stuart Bryson, Mwaustralia wa AIM aliyekaa Kapsabet, akishirikiana na Wanandi waliojua lugha yao kuliko yeye, alitoa Biblia nzima kwa Kinandi mwishoni mwa miaka ya 1930. Wakipsigis waliisoma wakicheka hapa na pale kwa matamshi ya jirani, lakini waliisoma, na hapo ndipo watu wa Nandi, Kericho na Baringo walipoanza kujizoesha maandishi mamoja. Wanahistoria wa siasa hupenda kuanza habari za umoja wa Kalenjin na redio pamoja na vyama vya miaka ya 1940. Mimi ningeanza na benchi la kanisa.

Hayo ni ya vijijini. Kwenye mashamba ya kampuni dini ilikuwa na sura nyingine kabisa. Wakipsigis wengi wa miaka ya mwanzo hawakutaka kuchuma chai. Walikuwa na mahindi na ng'ombe wao. Kampuni zikachukua watu kutoka Nyanza na Magharibi, na kila mtu alikuja na kanisa lake ndani ya sanduku la mbao. Mgusii alikuja na Usabato, Mluo na Uanglikana au Usabato au Ukatoliki, Mluhya na Ukwekeri wa Kaimosi. Ndivyo Wakwekeri walivyorudi Kericho: si kwa mlango wa mmisionari, bali kwa kikapu cha mchumaji. Katika kambi moja unaweza kukuta ibada tano zikipokezana darasa moja la shule, moja ikitoka na ngoma zake, nyingine ikingoja mlangoni na vitabu vyake vya Tenzi za Rohoni. Lugha ni Kiswahili, kwa kuwa hakuna nyingine itakayowatosha wote. Wasabato huomba ruhusa ya Jumamosi, na msimu wa mavuno mengi, majani yanapochipua kuliko mikono, ruhusa hiyo hupatikana kwa shida.

Wakubwa wa mashamba walikuwa na mahali pao. Holy Trinity ya mjini Kericho, kanisa la Kianglikana la miaka ya 1950, limejengwa kwa mawe kwa mtindo wa kijiji cha Uingereza, na wageni hulipiga picha. Katoliki nayo ina Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililozinduliwa mwaka 2015, lenye paa refu la vigae linalopanda taratibu kama mgongo wa kilima na nafasi ya waumini 1,500. Ni majengo mazuri. Ila kumwelewa mkulima wa Bomet kwa kuyatazama hayo ni vigumu.

Na Wabaptisti je? Swali hili huulizwa na wageni kutoka Uingereza, ambako kila wilaya ya mashambani ina kanisa dogo la matofali lenye jina hilo. Kule walianza kama watu wa kufukuzwa. Thomas Helwys aliunda kusanyiko la kwanza London mwaka 1612 akafia gerezani; John Bunyan, fundi wa masufuria wa Bedford, alikaa kifungoni miaka 12 kwa kosa la kuhubiri bila kibali. Fundisho lililowatenga na wengine lilikuwa kwamba mtoto mchanga habatizwi, anayebatizwa ni aliyeamini mwenyewe. Wabaptisti wa Marekani waliingia Kenya mwaka 1956, wakaanzia mijini. Nchi ya Wakipsigis ilikuwa imekwisha kugawanywa, na wao wakabaki wachache hapa. Lakini wazo la Helwys kuhusu ubatizo ndilo la kawaida kabisa katika vijiji hivi. Mtoto wa mwanachama wa AIC huwekewa mikono na kuombewa, habatizwi. Akikua hujiunga na darasa la ubatizo, akakariri mafungu, akahojiwa na wazee. Siku ikifika watu hushuka mtoni asubuhi, mchungaji na mzee mmoja wakisimama ndani ya maji hadi kiunoni, meno yakigongana, kwa sababu maji ya Mau hayana huruma. Anayebatizwa hushika pua, huegemezwa nyuma, huzama, huinuka. Akina mama humpokea na leso kavu huku wakiimba, na kikombe cha chai ya maziwa kinangoja ukingoni.

Makanisa haya yalipata uongozi wa kienyeji karibu na uhuru. AGC ilijitegemea mwaka 1961. AIM ilikabidhi mali na madaraka yake kwa AIC mwaka 1971. Chuo cha Biblia cha AGC mjini Kericho kilikua hadi kikapata hati ya chuo kikuu mwaka 2011. Utawala wa Rais Moi, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa shule za AIM, uliinua AIC hadi karibu na ikulu, na ukaribu huo ulikuwa na gharama: mwaka 1986, mabishano ya kura ya mlolongo, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, yalipopamba moto, AIC ilijiondoa katika Baraza la Makanisa. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, wachumaji wengi wa Kigusii walipokuwa wakikimbia mashamba kuokoa roho zao, waliowafukuza na waliofukuzwa walikuwa wameimba nyimbo zilezile mwezi uliotangulia. Nalitaja kwa sababu vitabu vya yubilei havilitaji.

Siku hizi kinachoamua hali ya kanisa ni chai kuliko wakati wowote. Mashine za kuchuma zimepunguza watu kwenye makambi, na hasira juu yake ilifikia hatua ya mashine kuteketezwa Mei 2023. Kambi ikipungua, ibada tano za darasa moja hubaki tatu. Vijijini, mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye viwanda vya Litein, Kapkatet, Tirgaga au Kapkoros hulipwa kidogo kila mwezi, kisha hungoja bonasi ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, inayotoka karibu na Oktoba. Wazee wa kanisa wanaijua kalenda hiyo kama wanavyojua Pasaka. Harambee ya paa huwekwa baada ya bonasi, kamwe si kabla. Na bonasi ya huku magharibi ya Bonde la Ufa imezoea kuwa ndogo kuliko ya Kiambu au Murang'a, jambo linalowakasirisha wakulima kila mwaka na kuleta maandamano kwenye milango ya viwanda. Ndiyo maana utaona makanisa mengi kando ya barabara ya Litein kwenda Bomet yenye kuta za matofali zilizokamilika, madirisha bila vioo, na mabati mapya upande mmoja wa paa.